Gesi inafika Dar kwa bomba, kwa nini sisi tusifike?

Kila baada ya muda video ileile hurudi kwenye makundi ya WhatsApp ya Mtwara na Lindi. Bomba refu jeupe limelala jangwani, ndani yake kinapita kibehewa kilichochongoka mbele, na sauti inasema kilomita mia tano na ushei sasa ni safari ya nusu saa. Maoni yanaanza kumiminika. Mmoja analalamika kwamba wenzetu wamefika huko wakati sisi mvua ikizidi Kilwa basi halipiti. Mwingine anasema huo ni uongo wa mitandaoni, picha za kompyuta. Wa tatu, ambaye kwa maoni yangu ana hoja nzito kuliko wote, anauliza: gesi yetu inatoka Madimba, hapa Mtwara, mpaka Dar es Salaam ndani ya bomba. Kama gesi inafika, watu wanashindwaje?

Nimelichukua swali la huyo wa tatu kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu kinachowachanganya watu kuhusu usafiri huu wa bombani, uitwao haipalupu (hyperloop): bomba linafanya kazi gani, kasi inatoka wapi, na nani atalipa. Wale wawili wa kwanza nao tutawafikia. Kila mmoja amepatia nusu.

Vitu vitatu kwenye kapu moja

Tuanze na majina, maana mtaani kila chenye kasi kinaitwa "treni ya umeme" na mazungumzo yanaishia hapo.

SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, kisha ikafika Dodoma Julai mwaka huohuo, inatembea kwa magurudumu ya chuma juu ya reli za chuma. Kasi yake ya juu ni kilomita 160 kwa saa. Dada zake wakubwa wa Japani na Ufaransa hufika 320 kwa saa wakiwa na abiria, lakini ni ukoo uleule wa gurudumu na reli.

Kitu cha pili ni treni ya sumaku. Hii ikishika kasi haigusi njia yake. Sumaku zenye nguvu huinyanyua na nyingine huisukuma mbele. China wanayo ya kibiashara Shanghai tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, njia ya kilomita 30 hivi kutoka uwanja wa ndege, iliyojengwa kukimbia kilomita 431 kwa saa. Wajapani waliifikisha yao kilomita 603 kwa saa katika jaribio la Aprili 2015. Zote hizo zinakimbia nje, kwenye hewa ya kawaida.

Cha tatu ndicho cha kwenye video, haipalupu yenyewe. Chukua treni ya sumaku, ifanye fupi, iingize ndani ya bomba la chuma, kisha fyonza karibu hewa yote iliyomo humo. Nafasi isiyo na hewa huitwa ombwe, na ombwe ndilo moyo wa mradi mzima. Jina la haipalupu lilienea baada ya Agosti 2013, bilionea Elon Musk alipotoa andiko la kurasa chache zaidi ya hamsini lenye mchoro wa njia kati ya Los Angeles na San Francisco: kibehewa cha abiria 28, kasi ya hadi kilomita 1,220 kwa saa, safari ya dakika 35, tiketi ya dola 20. Katika mchoro ule wa kwanza kibehewa kilipaswa kuelea juu ya hewa kidogo iliyobaki bombani. Kampuni nyingi zilizofuata ziliamua kutumia sumaku.

Wengi wanadhani wazo lenyewe ni la Musk. Mwingereza George Medhurst aliandika kuhusu kusafirisha vitu kwa hewa ndani ya mabomba mwanzoni mwa karne ya 19. Mhandisi Brunel alijenga reli ya aina hiyo kusini magharibi mwa Uingereza, ikafanya kazi kati ya mwaka 1847 na 1848, halafu ikafa kwa sababu ambayo fundi yeyote wa pampu za maji ataielewa mara moja: ngozi iliyoziba ufa wa bomba ilikauka na kuchanika, hewa ikawa inavuja kila mahali. Mwaka 1870 Alfred Beach alichimba handaki fupi chini ya mtaa wa Broadway, New York, na feni kubwa ikawa inasukuma behewa moja la watu kwenda na kurudi. Lakini hao walitumia hewa kusukuma. Wazo la kuiondoa hewa ili lisiwepo la kukuzuia lilikuja baadaye, na mmoja wa walioliandikia mapema ni Robert Goddard, yuleyule wa roketi.

Bomba la Madimba linafanya kinyume

Sasa turudi kwenye gesi. Bomba letu lilizinduliwa Oktoba 2015. Ukijumlisha na tawi la Songo Songo, ni kama kilomita 542, na kipenyo cha bomba kuu ni inchi 36, yaani sentimita 91. Mtu mzima hawezi kusimama ndani yake, lakini tuseme kipenyo si tatizo.

Jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba gesi yenyewe haina haraka. Katika mabomba makubwa ya aina hii, gesi kwa kawaida husafiri mita tano hadi kumi hivi kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 18 hadi 36 kwa saa. Basi lililotoka Mtwara alfajiri litaipita gesi iliyotoka Madimba saa hiyohiyo, tena abiria watakuwa wameshakula Nangurukuru. Tunaona gesi "inafika papo hapo" kwa sababu bomba limejaa muda wote: unasukuma huku, inatoka kule, ila inayotoka kule si ile uliyoingiza sasa hivi. Abiria hawapangwi hivyo. Abiria anataka afike yeye.

La pili ndilo kubwa. Ndani ya bomba la gesi mgandamizo ni makumi ya mara ya ule wa hewa tunayovuta, kwa hiyo gesi inasukuma kuta kwenda nje. Chuma kinalipenda jambo hilo. Bomba la duara linalosukumwa kwa ndani hubaki duara. Bomba la haipalupu ni kinyume chake. Ndani hakuna kitu, nje kuna anga lote. Hewa iliyotuzunguka hapa pwani inabonyeza kila mita ya mraba kwa uzito wa takriban tani kumi. Sisi hatuihisi kwa sababu na ndani ya miili yetu mna mgandamizo uleule. Bomba tupu litaihisi kila sekunde, mchana na usiku, kwa miaka yote litakayokuwepo, na likiwa na bonde dogo au kutu mahali fulani, litatafuta kujikunja hapohapo.

La tatu, bomba la gesi limefukiwa. Udongo wa Lindi, wa Kilwa na wa Rufiji unalishika na kulipa joto lisilobadilika sana. Michoro mingi ya haipalupu inaliweka bomba juu ya nguzo, kwenye jua. Chuma kikipata joto hurefuka: kidogo sana kwa mita moja, lakini kilomita 560 za chuma zikipanda joto kwa nyuzi 20 tu zitataka kurefuka kwa zaidi ya mita 130. Nyuzi 20 ni tofauti ya alfajiri na saa nane mchana kwa bati lolote la Lindi. Mita hizo 130 lazima ziende mahali fulani. Ama unaweka viungio vinavyoteleza, na kila kiungio ni mahali ambapo hewa inaweza kupenya, ama unakibana chuma kwa nguvu za ajabu kila kwenye nguzo. Ngozi ya Brunel imerudi kwa sura nyingine.

Kwa nini basi wajisumbue na ombwe?

Kwa sababu hewa ni adui wa kasi kuliko tunavyofikiri. Ukiongeza kasi mara mbili, ukinzani wa hewa unaongezeka mara nne, na nguvu ya injini unayohitaji kuushinda inaongezeka mara nane. Kwenye bodaboda mwendo wa arobaini hili halikusumbui. Kwenye treni ya kilomita 300 kwa saa, sehemu kubwa ya umeme wote inaliwa na kazi ya kupasua hewa.

Na hapa watu hufikiri bomba peke yake linasaidia. Bomba lenye hewa lingefanya mambo kuwa mabaya zaidi. Ziba mdomo wa pampu ya baiskeli kwa kidole halafu sukuma: hewa haina pa kukimbilia, inagoma, na pampu inapata moto. Kibehewa kinachojaza bomba jembamba ndiyo ile pistoni. Kwa hiyo ama uweke bomba pana sana, ama uitoe hewa. Musk alipendekeza ibaki moja ya elfu ya hewa ya kawaida, na mbele ya kibehewa liwepo feni la kuimeza hiyo iliyobaki na kuipitisha nyuma.

Ndege zinatatua tatizo hilohilo kwa njia nyingine: zinapanda juu. Kwenye kimo cha kilomita 11 mgandamizo wa hewa ni chini ya robo ya ule wa pwani. Ndege inaifuata hewa nyepesi ilipo, haipalupu inaitengeneza chini kwa gharama. Nasisitiza neno gharama kwa sababu ya ukubwa wa kazi. Chumba kikubwa kuliko vyote duniani cha kutengenezea ombwe ni cha NASA, shirika la anga la Marekani, huko Ohio, kilichojengwa mwaka 1969 kwa ajili ya kupima vyombo vya angani; ujazo wake ni karibu mita za ujazo 22,600. Bomba moja la kilomita 560 lenye kipenyo alichopendekeza Musk, mita 2.23, lina ujazo wa karibu milioni 2.2. Ni karibu mara mia ya chumba kile, na bado unahitaji bomba la pili la kurudi. Ni kweli chumba cha NASA kinafikia ombwe kali zaidi kuliko linalohitajika bombani. Lakini hakijaachwa porini kati ya Somanga na Nyamwage.

Tulilaze bomba kati ya Mtwara na Dar

Los Angeles na San Francisco, kwa mchoro wa Musk, ni kilomita 560 hivi. Mtwara hadi Dar es Salaam kwa barabara ni takriban hizohizo. Kwa hiyo hatuhitaji kubuni mfano. Tuuhamishie huku.

Kilomita 1,220 kwa saa ni mita 339 kila sekunde. Kasi yenyewe haimdhuru mtu, na hili ni jambo la kwanza la kuwatoa watu hofu. Mtwara nzima sasa hivi inazungushwa na dunia kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa na hakuna anayetapika. Mwili hauihisi kasi. Unahisi kasi inapobadilika, yaani kuondoka, kusimama na kukata kona.

Anza na kona. Andiko la Musk lilikubali abiria abanwe pembeni kwa nusu ya uzito wake. Hata kwa kubanwa hivyo, ambako mama mjamzito au mzee hawezi kukufurahia, kona ya kasi ile inatakiwa iwe na nusu kipenyo cha zaidi ya kilomita 23. Ukitaka ulaini wa treni ya abiria wa kawaida, inapita kilomita 100. Maana yake bomba haliwezi kukwepa kilima, kijiji, makaburi wala shamba la mikorosho la mtu. Linakwenda moja kwa moja kama rula, na kinachokutana nalo kinatobolewa, kinarukwa au kinalipwa fidia.

Kuondoka na kusimama kunawahusu hasa ndugu zetu wa Lindi. Kibehewa kikiongeza kasi kwa ulaini wa treni nzuri, kitahitaji kama kilomita 57 kufikia kasi ya juu, na 57 nyingine kusimama. Jumla 114. Mtwara hadi Lindi kwa barabara ni pungufu ya hapo. Kwa hiyo ukitaka kituo Lindi, kibehewa hakitafika kasi yake kamili hata kwa sekunde moja. Kitaanza kupunguza kabla hakijamaliza kuongeza. Mfumo huu unapenda miji miwili mikubwa iliyo mbali, yenye watu wengi wenye pesa na haraka, na kati yao pawe patupu. Kilwa Masoko, Nangurukuru, Ikwiriri na Kibiti wangebaki kuangalia nguzo zikipita juu ya vichwa vyao. Basi la leo, pamoja na maudhi yake yote, linamshusha mtu kwao.

Halafu breki. Mfumo ulitajwa kuwa ungeweza kutuma kibehewa kila sekunde 30 nyakati za abiria wengi. Kwa mita 339 kwa sekunde, sekunde 30 ni kilomita 10. Ukifunga breki kwa nguvu ambayo mtu bila mkanda bado anaweza kuvumilia, unahitaji kilomita 19 hivi kusimama. Wa mbele akikwama ghafla, wa nyuma hana nafasi ya kutosha. Unaweza kufunga breki kali zaidi, unaweza kuwaachanisha kwa dakika mbili, na andiko lenyewe lilisema dakika mbili ndiyo wastani. Ila dakika mbili zinaleta tatizo jingine, nalo ni la hesabu.

Abiria 28 kila dakika mbili ni abiria 840 kwa saa. Treni moja ya Shinkansen, zile za kasi za Japani, kati ya Tokyo na Osaka ina viti 1,323, na kwenye njia ile treni zaidi ya kumi huondoka kwa saa. Bomba la ajabu, linalokwenda karibu mara nne ya kasi ya Shinkansen, linabeba kwa saa nzima watu wachache kuliko treni moja ya Wajapani. Sielewi kwa nini video hazisemi hili, au naelewa.

Hofu za kweli na za kubuni

"Bomba likitobolewa na risasi wote wanakufa." Tundu dogo linaingiza hewa polepole ukilinganisha na ukubwa wa bomba, pampu zinalemewa, mgandamizo unapanda, vibehewa vinapunguza mwendo. Ni hasara, si mauaji. Bomba likipasuka vipande viwili, kwa tetemeko au kwa nguzo iliyosombwa na maji, hapo ni habari nyingine: ukuta wa hewa unaingia kwa kishindo kwa kasi inayokaribia ya sauti na kukutana na chochote kilicho njiani.

"Ombwe litawanyonya abiria." Ombwe halinyonyi; hewa ya upande wenye hewa ndiyo inayosukuma. Hatari iko kwenye kibehewa chenyewe kikipasuka. Kwenye mgandamizo wa moja ya elfu ya kawaida mtu anapoteza fahamu ndani ya sekunde kumi hadi kumi na tano. Ndege nazo zina hatari inayofanana, lakini rubani anaweza kushuka haraka kwenye hewa nzito, na wewe una barakoa ya oksijeni. Bombani hakuna pa kushukia. Lazima bomba lenyewe lijazwe hewa, halafu watu watembee gizani mpaka kwenye mlango wa dharura ulio kilomita kadhaa mbele. Wahandisi wana majibu kwa hili: milango ya kugawa bomba vipande, akiba ya hewa, magurudumu ya dharura. Kila jibu lina bei.

"Ni picha za kompyuta tu." Hapana, na hapa ndipo yule mchangiaji wa pili anapokosea. Kampuni iliyokuja kuitwa Virgin Hyperloop ilijenga bomba la mita 500 jangwani Nevada. Mwaka 2017 kibehewa kisicho na mtu kilifika kilomita 387 kwa saa. Novemba 2020 wafanyakazi wake wawili, Josh Giegel na Sara Luchian, walipanda wenyewe wakafika kilomita 172 kwa saa, safari ya sekunde kama 15. Ndiyo video mnayotumiana. Mashindano ya wanafunzi yaliyoandaliwa na SpaceX, kampuni ya roketi ya Musk, yalifika kilomita 463 kwa saa mwaka 2019, ushindi wa chuo kikuu cha ufundi cha Munich. Kwa hiyo kitu kipo, kinaelea na kinakimbia.

Lakini angalia tena namba. Binadamu waliowahi kupanda walikwenda kasi inayokaribiana na ya SGR yetu ya kwenda Dodoma, kwa nusu kilomita. Mapema mwaka 2022 kampuni ile ilipunguza zaidi ya wafanyakazi mia moja na kusema sasa itashughulika na mizigo. Mwisho wa mwaka 2023 ilifungwa, baada ya kutumia zaidi ya dola milioni 400 za wawekezaji. Bomba la SpaceX pale California nalo liliondolewa. Wanaoendelea ni wengine: Uholanzi wana kituo cha majaribio chenye bomba la mita 420 huko Veendam kilichofunguliwa mwaka 2024, India wana bomba la urefu unaokaribiana na huo kwenye chuo cha IIT Madras, na China wana njia ya kilomita mbili huko Datong ambako wanaijaribu treni yao ya sumaku ndani ya bomba.

Mzigo uko wapi?

Kusini tuna sababu ya kuuliza swali hili kuliko watu wengine, kwa sababu tuliwahi kuwa na reli. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilikuja na mradi wa karanga, Nachingwea ikiwa moja ya vituo vyake. Reli ikajengwa kutoka pwani kwenda bara, bandari ya kina kirefu ikachimbwa Mtwara. Mashine zilikuwepo, wahandisi walikuwepo, reli ilikuwa teknolojia iliyothibitishwa kwa zaidi ya miaka mia. Karanga hazikutokea. Mradi ukafutwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36, na reli ikabaki ikihema bila mzigo wa kutosha mpaka ilipofungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wazee wa Mingoyo na Nachingwea wanajua ilipopita. Hakuna aliyewahi kusema reli ile ilishindwa kwa sababu magurudumu hayakuzunguka.

Tupime bomba kwa mizani hiyohiyo. Abiria 840 kwa saa, kwa saa 14 za mchana, ni watu 11,760 kwa siku kwa upande mmoja. Kwa mwaka ni milioni 4.3. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 1,634,947 mkoani Mtwara na 1,194,028 mkoani Lindi, pamoja na watoto wachanga. Ili vibehewa vijae, kila mmoja wetu, kuanzia kichanga hadi bibi wa Newala, angepaswa kwenda Dar mara moja na nusu kila mwaka. Kwa bomba tu, mabasi na ndege vikose.

Upande wa pesa, Musk alikadiria dola bilioni 6, sawa na dola milioni 10.7 kwa kilomita, na wahandisi wengi waliona ni kidogo mno. Reli ya kasi ya California, kwa miji ileile miwili, ilikadiriwa dola bilioni 33 mwaka 2008 na sasa makadirio yamevuka bilioni 100. Bomba letu la gesi, moja, jembamba, lililofukiwa, lisilobeba roho ya mtu, liligharimu takriban dola bilioni 1.2, yaani kama milioni 2.2 kwa kilomita. Lakini tuikubali bilioni 6 kama ilivyo. Tukikopa zote kwa riba ya asilimia 5, riba peke yake ni dola milioni 300 kwa mwaka. Igawe kwa abiria milioni 8.6 wa kwenda na kurudi, vibehewa vikiwa vimejaa kila safari, na kila tiketi inadaiwa kama dola 35 kabla hujalipa umeme, mishahara, pampu wala senti moja ya mkopo wenyewe. Ndege tayari inakufikisha kwa saa moja hivi, haihitaji kujengewa chochote njiani, na siku abiria wakipungua inahamishiwa Songea au Mbeya. Bomba halihamishwi.

Kuna wanaosema basi libebe mizigo. Mizigo ya kusini tunaijua: korosho kuanzia Oktoba, ufuta, saruji ya kiwanda cha Mtwara, makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kwa malori hadi bandarini. Vyote ni vizito, vya bei ndogo kwa kilo, na hakuna kinachoharibika kikichelewa siku mbili. Makaa hayana haraka ya kuwa Mtwara ndani ya dakika arobaini. Yanataka usafiri wa bei ya chini kwa tani, na chombo cha bei ya chini kwa tani nchi kavu ni treni nzito ya mwendo wa wastani, ya aina inayozungumzwa kwenye mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay yenye matawi ya Mchuchuma na Liganga, kwenye makaa ya mawe na chuma. Huo nao una maswali yake ya fedha, tena magumu. Ila angalau unaanza na mzigo halafu ndiyo unatafuta njia.

Na yule mchangiaji wa kwanza, wa basi kukwama Kilwa? Mei 2024, mvua zilizofuatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara maeneo ya Somanga na magari yakalala njiani siku kadhaa. Kilichokosekana pale kilikuwa makalavati mapana na madaraja yaliyoinuliwa vya kutosha, na dawa yake ni zege, nondo na mkandarasi anayesimamiwa. Bomba la haipalupu lingepita bonde lilelile, juu ya nguzo zilizosimama kwenye udongo uleule, na lingehitaji nguzo hizo zisisogee hata kidogo.

Video nyingine ikija, na itakuja, tafuta vitu viwili ndani yake: urefu wa bomba, na kama kulikuwa na mtu ndani. Mabomba yaliyojengwa mpaka sasa yanahesabiwa kwa mita mia kadhaa, au kilomita chache. Siku mtu atakapowasafirisha watu makumi ya kilomita ndani ya ombwe, kila siku kwa mwaka mzima, kwenye jua na mvua, na akaonyesha bili ya umeme, nitaiandika upya hesabu hii ya Mtwara na Dar kwa namba zake.